Mashabiki Wanapohama Jukwaa la Mtandaoni: Kinachohama na Kinachobaki

Mwezi Mei 2025 Simba ilikuwa katikati ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa imefungwa mabao 2-0 na RS Berkane huko Moroko tarehe 17, na mchezo wa marudiano ulikuwa umepangwa kuchezwa Zanzibar tarehe 25. Kati ya tarehe hizo mbili, mtandao wa X ukaacha kufunguka kwa njia ya kawaida nchini Tanzania. Shabiki aliyezoea kusoma habari za kikosi huko, kubishana juu ya mipango ya kocha na kuwajibu watani wake, alilazimika kutafuta mahali pengine katika juma ambalo alikuwa na mengi ya kusema kuliko wakati wowote wa msimu. Kila mtandao unapofungwa, unapobadili masharti au unapopata mmiliki mpya, husikika kauli zinazogongana: wapo wasemao kwamba kila mtu ameshahama, wapo wasemao kwamba hakuna aliyeondoka, na wapo wanaodhani kwamba kuhama ni kufungua akaunti kwingine tu. Kauli zote tatu zinachanganya mambo yanayofaa kutenganishwa.

Tuanze na majina ya vitu. Jukwaa, kwa maana ya makala haya, ni mahali mtandaoni ambapo mazungumzo hupangwa kwa mada. Mtu huanzisha mada, ambayo wanajukwaa huiita uzi, wengine huchangia chini yake, na uzi huo hubaki ukisomeka hata baada ya miaka. Kwa wasomaji wa Kiswahili mfano unaofahamika zaidi ni JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums. Mtandao wa kijamii kama X, Facebook au Instagram haupangwi kwa mada bali kwa watu: unamfuata mtu, naye anakuletea atakacho. Kundi la WhatsApp ni aina ya tatu, mkondo mmoja wa ujumbe ambamo habari ya usajili wa kiungo, picha ya harusi na tangazo la msiba hupita kwa kufuatana. Msimamizi ni yule anayefuta matusi, kufunga nyuzi zilizoharibika na kuwatoa wavurugaji, na mara nyingi hufanya hivyo bila malipo kwa sababu anaipenda timu. Mmiliki ni yule mwenye mitambo, jina la tovuti na hifadhi ya yote yaliyoandikwa. Msimamizi na mmiliki kwa kawaida si mtu mmoja, na ugomvi mwingi unaowafanya mashabiki wahame huanzia katika pengo lililopo kati ya hao wawili.

Kijiwe cha kahawa kilicho mbele ya duka kinaweza kutusaidia kuona jambo hili. Mwenye duka akiamua kuifunga baraza yake, wazee huchukua mabenchi waliyoyachonga wenyewe wakavuka barabara, na jioni ile ile ubishi wa Simba na Yanga unaendelea pale ulipokatikia. Mtandaoni mabenchi ni ya mwenye duka, kivuli ni chake, na hata kumbukumbu ya nani alisema nini msimu uliopita imo katika daftari lake. Wateja huondoka mikono mitupu, na lililo gumu zaidi ni kwamba mara nyingi hawana namna ya kuambizana wanaelekea wapi ila kwa kutumia kijiwe kile kile wanachofukuzwa.

Kutokana na hilo tunaweza kueleza kwa nini kuhama ni kugumu hata pale ambapo karibu kila mtu amechoka. Thamani ya jukwaa haimo katika rangi zake wala katika wepesi wa kufunguka kwake; imo katika watu utakaowakuta humo. Shabiki akihama peke yake anakwenda mahali penye utulivu, pasafi na pasipo mtu. Kwa hiyo kila mmoja anamsubiri mwenzake atangulie, na watu elfu moja wanaweza kubaki kwa miaka mahali wanapopalalamikia kila siku, wala si kwa sababu ni wavivu au wanafiki. Katika michezo ugumu huu unazidi, kwa kuwa mazungumzo ya mashabiki yana saa zake. Uzi wa siku ya mechi unahitaji mamia ya watu kwa wakati mmoja, ndani ya dakika 90 zile zile. Ukiwa na watu 12 tu, hauna ladha. Mjadala wa historia ya klabu au wa mbinu za uchezaji unaweza kuishi vizuri ukiwa na wachangiaji 20 wanaofahamiana. Ndiyo maana kuhama kwa mashabiki mara nyingi hutokea nusunusu: mazungumzo ya kina yanakwenda kwenye jukwaa dogo jipya, na kelele za siku ya mechi zinabaki pale pale pa zamani. Anayetazama siku ya mechi atasema hakuna aliyehama, na anayetazama katikati ya juma atasema wamehama wote.

Hakuna kisa kinachoonyesha mambo haya wazi kama kile cha 606 ya BBC. Jina hilo lilitokana na kipindi cha redio cha mashabiki wa soka kilichoanza mwaka 1991 na kurushwa saa 12 na dakika 6 jioni, ambapo wasikilizaji walipiga simu baada ya mechi. Baadaye BBC ikawa na jukwaa la mtandaoni lenye jina hilo hilo, na mashabiki wa soka, kriketi, raga, ngumi na tenisi wakalifanya kuwa makao yao. Januari 2011 BBC ilitangaza kwamba itapunguza bajeti ya huduma zake za mtandaoni kwa asilimia 25, na 606 ikatajwa miongoni mwa zitakazofungwa mwaka huo. Hapakuwa na ugomvi wala uasi. Mmiliki aliamua kwamba huduma hii haimo tena katika mambo yake ya msingi, na wateja hawakuwa na kura.

Kilichofuata kinafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndicho hutokea karibu kila mahali. Watu wa 606 hawakuhamia mahali pamoja. Mashabiki wenyewe walijenga majukwaa mbadala, na zaidi ya moja lilibeba namba 606 katika jina lake ili waliopotea walitambue: 606v2, JA606, Not606. Kila moja lilichukua sehemu ya watu, na kila moja likapata tabia yake. Waliopenda kriketi walijikuta upande mmoja, waliopenda utani wa timu za Ligi Kuu ya Uingereza upande mwingine, na wengi hawakwenda popote. Hili la mwisho halitajwi sana, nami naliona ndilo zito kuliko yote: pigo kubwa la kufungwa kwa jukwaa ni wale wanaoacha kabisa kuzungumza. Mchangiaji wa kila siku atatafuta mahali papya kwa juhudi zote. Yule aliyekuwa akisoma tu, akiandika mara moja kwa mwezi, pengine mzee mwenye kumbukumbu za mechi ambazo hakuna mwingine aliyeziona, hupotea kimya kimya, na jukwaa jipya haliwezi kujua limemkosa nani.

Jambo moja lililowasaidia watu wa 606 lilikuwa notisi. Walijua kwamba mlango utafungwa, na walipata miezi kadhaa ya kuelekezana. Tarehe inayojulikana na wote hufanya kazi ambayo hoja haiwezi kuifanya, kwa sababu inaondoa lile tatizo la kila mmoja kumsubiri mwenzake. Pale ambapo jukwaa linazidi kuharibika polepole bila kufungwa, tarehe hiyo haipo, na ndipo watu hubaki wakilalamika miaka nenda rudi.

Nchini Marekani kuhama kumekuwa na sura nyingine, kwa sababu huko jukwaa la mashabiki ni biashara kamili. Timu za soka la Kimarekani za vyuo vikuu zina wafuasi wanaozipenda kama sisi tunavyozipenda klabu zetu, na sehemu kubwa ya shauku yao ni kujua ni kijana gani wa sekondari atakayejiunga na chuo gani. Wafuasi hao hulipa ada ya kila mwezi ili waingie kwenye jukwaa la timu yao, wasome habari za waandishi waliobobea na kuzijadili mbali na macho ya watani. Mtandao wa Rivals ulioanzishwa mwaka 1998 ulikuwa wa kwanza kukua kwa namna hiyo, ukaanguka mwaka 2001 pamoja na kampuni nyingi za intaneti za wakati ule, ukafufuliwa chini ya mfanyabiashara Shannon Terry, na mwaka 2007 ukanunuliwa na Yahoo. Mwaka 2010 Terry akaanzisha mshindani wake, 247Sports, ambayo ilinunuliwa na kampuni ya utangazaji ya CBS mwaka 2015. Mwaka 2021 akaanzisha wa tatu, On3. Mwaka 2025 On3 ikaichukua Rivals kutoka kwa Yahoo, na jina alilolifufua zaidi ya miaka 20 kabla likarudi mikononi mwake.

Katika mlolongo huo wote, shabiki alimfuata nani? Hakuifuata kampuni, na mara nyingi hakulifuata hata jukwaa. Alimfuata mwandishi anayemwamini, yule aliyejenga urafiki na makocha wa sekondari kwa miaka mingi na anayejua habari kabla haijatangazwa. Mwandishi anapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine mkataba wake unapokwisha, huondoka na sehemu kubwa ya wasomaji wake. Mtandao anaouacha hubaki na nyuzi za miaka mingi, na ule anaokwenda hupata watu wasio na nyuzi. Makampuni haya yanapowania waandishi yanajua wazi kwamba yanawania wafuasi wao. Sioni ubaya katika biashara hiyo yenyewe, kwa kuwa kazi nzuri inastahili kulipwa, lakini shabiki anafaa ajue kwamba ada yake ya mwezi inamnunulia ruhusa ya kuingia na kusoma, haimnunulii umiliki wa chochote alichoandika humo kwa miaka kumi.

Kuna kuhama ambako hushindikana, na sababu zake zinafundisha. Mwaka 2023 mtandao wa Reddit, wenye maelfu ya majukwaa madogo ndani yake, ulitangaza kuanza kutoza fedha nyingi kwa programu za simu zilizotengenezwa na watu wasio wa kampuni hiyo ili kuusoma mtandao huo. Mtengenezaji wa programu moja iliyopendwa, Apollo, alisema gharama hizo zingefikia dola milioni 20 kwa mwaka, akaifunga. Wasimamizi wa maelfu ya majukwaa ya Reddit waliyafunga kwa maandamano kuanzia tarehe 12 Juni, likiwamo lile la mpira wa kikapu wa NBA, na usiku huo huo Denver Nuggets wakatwaa ubingwa wao wa kwanza katika historia huku jukwaa kubwa la mashabiki wa mchezo huo likiwa limefungwa. Hata hivyo Reddit haikurudi nyuma, majukwaa yakafunguliwa, na watu wengi wakarejea. Mahali mbadala palipopendekezwa, kama Lemmy, palikuwa pametawanyika katika mitambo mingi midogo, na mgeni alitakiwa kuchagua mtambo kabla hata hajaona mazungumzo. Wasimamizi walikuwa na mamlaka ya kufunga mlango, lakini hawakuwa na mamlaka ya kubeba watu.

Kinyume chake ni Brazil. Mwishoni mwa Agosti 2024 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamuru X ifungwe, na kuweka faini ya reali 50,000 kwa siku kwa atakayeifikia kwa njia za kukwepa. Katika siku chache Bluesky, mtandao unaofanana na X, ulipokea zaidi ya Wabrazili milioni 2, na mazungumzo ya soka yakahamia huko kwa sababu kila mtu aliondolewa kwa wakati mmoja. X ilipofunguliwa tena tarehe 8 Oktoba, wengi walirudi. Hapa ndipo unapovunjika uvumi wa kwanza kati ya mitatu inayoenea kuhusu kuhama, kwamba aliyejisajili ameshahama: idadi ya waliojisajili si idadi ya waliohama. Threads ya kampuni ya Meta ilipata watu milioni 100 katika siku tano baada ya kuanzishwa Julai 2023, kisha matumizi yake yakashuka sana katika wiki zilizofuata kabla ya kupanda tena polepole. Kujisajili kunaonyesha udadisi. Anayetaka kujua kama mashabiki wamehama na autazame uzi wa siku ya mechi, miezi sita baadaye, katika mchezo usio na umuhimu mkubwa.

Uvumi wa pili ni kwamba klabu ikihama, mashabiki watahama nayo. Novemba 2024 klabu ya FC St. Pauli ya Hamburg, Ujerumani, iliacha kuandika kwenye X, ikilalamikia chuki iliyoenea humo, ikawaelekeza wafuasi wake Bluesky, na klabu nyingine ya huko, Werder Bremen, nayo ikaondoka mwezi huo huo. Uamuzi wa namna hiyo una uzito wa kimaadili, na mimi nauheshimu, lakini akaunti ya klabu ni kipaza sauti na haiwezi kuwa mazungumzo. Klabu hutangaza kikosi na matokeo. Shabiki huja kubishana na shabiki mwenzake, tena mara nyingi na shabiki wa timu nyingine. Mtani asipohama, mjadala umepoteza upande mmoja. Kwa Simba na Yanga hili halihitaji maelezo marefu.

Uvumi wa tatu, unaoenea sana kwetu, ni kwamba majukwaa yamekufa na WhatsApp imechukua nafasi yao. Ni kweli kwamba mazungumzo mengi ya mashabiki wa Afrika Mashariki sasa yamo katika makundi ya WhatsApp, na sababu zinaeleweka: kila mtu anayo, inatumia data kidogo, na haisumbui na nywila. Lakini kundi la WhatsApp lina kikomo cha watu 1,024, halionekani kwa asiye mwanachama, na huonyesha namba ya simu ya kila mchangiaji kwa wenzake wote. Anayejiunga leo hataona yaliyosemwa mwaka jana. Jukwaani mtu alijulikana kwa jina alilojichagulia na kwa rekodi ya maneno yake; mtu akisema kwamba alitabiri tangu Agosti kwamba kocha hatamaliza msimu, wenzake waliweza kuurudia uzi wa Agosti na kuhakikisha. Katika WhatsApp aliyebadili simu bila kuhifadhi nakala hana ushahidi. Chaneli za WhatsApp, zilizoanza mwaka 2023, nazo ni matangazo ya upande mmoja. Kwa hiyo kilichotokea ni kwamba aina moja ya mazungumzo imekua na aina nyingine imekosa makao, na si haki kuyaita mambo hayo mawili kuwa ni kitu kimoja.

Tena Afrika Mashariki ina sababu ya ziada ya kulizingatia suala hili, kwa kuwa kwetu mlango unaweza kufungwa na mtu ambaye si mmiliki wala msimamizi. Nchini Uganda, Facebook ilifungwa Januari 2021 kuelekea uchaguzi mkuu, na miaka baadaye watu bado walikuwa wakiifikia kwa VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi kwa kupitia mitambo ya nchi nyingine. Nchini Tanzania, JamiiForums ilisimama kwa muda Juni 2018 baada ya kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, na Septemba 2025 leseni yake ilisimamishwa kwa siku 90. Chanzo cha hatua hizo hakikuwa mpira, lakini jukwaa la michezo limo katika nyumba hiyo hiyo, na taa zikizimwa huzimika vyumba vyote. Mwandishi wa nyuzi za mbinu za uchezaji anapoteza makao yake kwa sababu ya mjadala ambao hakushiriki.

Je, lipo linaloweza kubebwa? Lipo, ingawa ni kidogo. Mastodon, mtandao wa kijamii ulioenea katika mitambo mingi ya wamiliki tofauti, humruhusu mtu kuhamisha wafuasi wake kutoka mtambo mmoja hadi mwingine, lakini si maandishi yake. Bluesky imejengwa juu ya utaratibu unaolenga kumwezesha mtumiaji kuiondoa akaunti yake yote kwa kampuni moja na kuipeleka kwa nyingine, na tangu mwaka 2024 ina orodha za kuanzia, ambapo mtu mmoja hukusanya akaunti za mashabiki wa timu fulani na mgeni huwafuata wote kwa kubonyeza mara moja. Orodha hizo zinalilenga moja kwa moja lile tatizo la kufika mahali pasipo mtu. Majukwaa ya kawaida hayana kitu kama hicho. Mmiliki mwema anaweza kumkabidhi mtu mwingine hifadhi yote, na hilo limewahi kufanyika kwa majukwaa mengi madogo, lakini ni hiari yake.

Kundi la mashabiki linaloona dalili za mlango kufungwa lina kazi za kufanya mapema. La kwanza ni kuwa na mahali pa pili panapojulikana na wote wakati pa kwanza bado pako wazi, hata kama ni kundi la WhatsApp la matangazo tu, ili siku ya dharura watu wajue pa kuulizia. La pili ni kunakili nyuzi zenye thamani: historia za klabu, takwimu zilizokusanywa kwa mikono, simulizi za wazee. Yahoo ilipofuta maudhui ya makundi yake ya Yahoo Groups mwishoni mwa 2019, ilitoa notisi ya wiki chache tu, na waliosita walipoteza kazi ya karibu miaka 20. La tatu ni kuwashirikisha wasimamizi kabla ya wachangiaji, kwa sababu jukwaa jipya lisilo na mtu wa kufuta matusi katika wiki ya kwanza humilikiwa na wenye matusi, na wastaarabu wakishaondoka hawarudi. La nne ni kuchagua wakati. Kipindi kizuri cha kuhama ni cha usajili, msimu ukiwa umekwisha: habari ni nyingi, watu wana hamu ya kusoma kila saa, na hakuna mechi ya kuwarudisha kwa mazoea mahali pa zamani saa kumi jioni. Atakayehama katikati ya ligi, juma la mechi ya watani, atapigana na saa ya mchezo wenyewe, na wachangiaji wake watakuwa wamerudi walikotoka kabla ya kipenga cha kwanza.